Mzigo si tani peke yake

Kamyo ikianguka kwenye njia ya Kolwezi–Likasi–Kasumbalesa, maneno ni yale yale: shofere alikuwa anakimbia, shofere alilewa, shofere alisinzia. Pengine ni kweli. Lakini kuna mtu mmoja tunayesahau kumuuliza: ni nani aliyeipakia ile kamyo?

Sisi tunapenda kuhesabu tani. Tani zikiwa sawa kwenye mizani, basi, kamyo inaenda. Mimi ninasema hiyo ni nusu ya maneno. Nusu ingine ni hii: zile tani zimekaa wapi?

Tuangalie shaba. Uzito wake ni karibu mara 9 ya maji. Tani 30 za shaba hazijazi hata mita 4 za ujazo. Njo maana remorki ya katodi inaonekana kama iko tupu. Na kwa sababu nafasi ni kubwa, mtu mwenye haraka anaweza kulundika mafungu yote mahali pamoja, amalize kazi, arudi nyumbani.

Sasa, remorki inalala pande mbili: mbele inalalia kichwa cha kamyo, nyuma inalalia magurudumu yake. Mzigo ukienda sana nyuma, kichwa kinakuwa chepesi; magurudumu yanayovuta hayashiki njia tena, na siku ya mvua, kwenye mlima, yanazunguka bure. Ukienda sana mbele, magurudumu ya remorki ndiyo yanabaki mepesi. Shofere akikanyaga freni yanateleza, na remorki inajitupa upande. Ukiegemea upande mmoja, kona moja inatosha kuipindua. Na fungu lisilofungwa vizuri, kwenye freni kali, linakuja mbele kumtafuta shofere.

Asidi ni mbaya zaidi, juu yenyewe inatembea. Lita moja ya asidi ya viwandani ina kilo 1,8 hivi. Lita 16 000 na kidogo, tayari umefikisha tani 30. Ukiitia katika tanki la lita 30 000 lililotengenezwa kwa kitu chepesi, karibu nusu inabaki hewa. Kama ndani hamna kuta za kuizuia, kwenye freni asidi inakimbia mbele, kwenye kona inakimbia pembeni. Shofere anasukumwa na mzigo wake mwenyewe.

Mwezi wa 2 mwaka 2019, upande wa Tenke, kamyo ya asidi iligongana na magari mengine, asidi ikamwagikia watu, karibu watu 20 wakakufa. Sisemi kwamba upakiaji ndio uliwaua. Ninasema tu kwamba wanaolipa ni watu wa taksi-bisi na wa kijiji, ambao hawakupakia kitu.

Wengine watajibu: njia ndiyo mbaya. Ni kweli. Lakini kama tunajua njia ni mbaya, si ndiyo sababu zaidi ya kupanga mzigo vizuri?

Ukivuka Kasumbalesa, kule Zambia hawaangalii tu jumla ya tani 56; wanapima pia kila kundi la magurudumu. Juu ya nini sisi tungoje jirani atuambie mzigo umekaa vibaya, wakati kamyo imekwisha kupita Likasi kati ya watoto wa shule? Ipimwe hivyo kwenye mlango wa mgodi. Aliyepakia aandike jina lake kwenye karatasi, karibu na la shofere. Na tanki lisilo na kuta ndani lisibebe asidi nusu-nusu.

Na wewe baba unayepakia usiku, shefu akikwambia «pakia tu, iende», kumbuka: kesho asubuhi mama watoto atakuwa kwenye taksi-bisi, nyuma ya ile kamyo.