Ukuta wa Mtu na Kipimo cha Baraza

BARAZANI, na Athumani Mwinyihaji

Katika mji mdogo wa Conway, jimbo la New Hampshire huko Marekani, liko duka la mikate ambalo mwenyewe, mwaka 2022, aliwapa wanafunzi wa sanaa wa sekondari ya mji idhini ya kuchora juu ya mlango wake. Nao, kwa bidaa ya ujana, wakachora miali ya jua ikichomoza nyuma ya safu ya milima, ila milima yenyewe wakaifanya kwa donati na keki ndogo. Kila aliyelijua duka lile aliifahamu picha bila ya kufasiriwa.

Haukupita muda, akaja mkaguzi wa mji na hoja ambayo yafaa itazamwe kwa makini. Kwa kuwa ndani ya duka huuzwa donati, alisema, picha ya donati ni tangazo la biashara, na tangazo lina mpaka wake: futi mraba 22, ilhali picha ilikuwa kama 90. Lau milima ile ingalikuwa ya mawe na theluji, au vijana wangalichora maua matupu, picha ya ukubwa ule ule, katika ukuta ule ule, isingalikuwa na taksiri yoyote. Mwenye duka akatishiwa faini ya dola 275 kwa kila siku. Akaenda mahakama ya shirikisho mwaka 2023, na mwezi Mei 2025 jaji akampa haki, akiona kwamba sheria ya matangazo, kwa namna ilivyotumiwa pale, haikuwa na mnasaba na madhumuni ambayo mji wenyewe uliyataja.

Hukumu hiyo naiona ni ya insafu. Sipingi mamlaka ya baraza la mji: taa inayompofusha dereva, ubao unaoning'inia juu ya vichwa vya wapita njia, ukuta unaoelemea kwa jirani, yote hayo ni madhara yanayopimika, na milki ya mtu haimpi ruhusa ya kuwadhuru wenziwe. Lakini mkaguzi anapoukunja utepe wake wa kupimia na kuanza kuuliza picha yasema nini, na faida yake yamwendea nani, amekwisha kutoka katika kazi aliyopewa na kujifanya hakimu wa maana. Na huo ni ukadhi ambao hakuna mpiga kura aliyemkabidhi.

Sisi wa Mombasa tusilione jambo hili kuwa la mbali. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliwaamuru wenye majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale wayapake rangi nyeupe, yenye mapambo ya buluu, kwa gharama zao wenyewe. Katika Mji wa Kale, penye nyumba za mawe na chokaa, milango ya nakshi na roshani za mbao, ninaikubali hoja ya kuhifadhi turathi, maadamu waamuzi wawe ni wajuzi wa majengo hayo. Lakini kuta za maduka ya kawaida zilikosa nini? Ng'ombe aliyechorwa kwa brashi mlangoni pa bucha, au vichwa vya vijana vilivyopangwa ukutani pa kinyozi, kila kimoja na mkato wake ili mteja aoneshe kwa kidole autakao, ni kazi ya fundi wa mtaani aliyelipwa kwa mkono wake, na chini ya amri kama ile hana ukuta wa kuchora.

Basi waheshimiwa wa Bunge la Kaunti, watakapoziandika upya sheria za kuta, waweke kipimo cha ukubwa, cha mwanga na cha usalama, kimoja kwa picha zote, iwe ni ya maua au ya mahamri. Na atakayeamriwa kufuta apewe sababu kwa maandishi, na siku za kutosha za kukata rufaa kabla ya ndoo ya chokaa kuletwa.