Mpiga rizimu naye alipwe

Na Hamisi Mwachiti

Redio ikipiga “Sina Makosa” ya Les Wanyika, hapa Kikoneni huimba hata vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wimbo huo ulipotoka. Mtangazaji hutaja bendi, akaishia hapo. Haitoshi.

Lisikilize gitaa la rizimu. La solo hupanda, hushuka, hunyamaza mwimbaji akiingia. La rizimu halipumziki. Hurudia mzunguko uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na likiteleza kidogo tu, wachezaji ukumbini hujikwaa. Aliyelipiga ni Omar Shabani, “Profesa”. Mwaka 1978, yeye na wenzake, akiwemo Tom Malanga wa besi, waliunda Les Wanyika baada ya kujitoa Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili wa Kinyonga, wenyeji wa Tanga, ng’ambo tu ya mpaka wetu wa Lunga Lunga.

Kazi hiyo ina heshima yake duniani. Freddie Green alijiunga na bendi ya Count Basie kule Marekani mwaka 1937, akaishikilia rizimu hadi alipofariki mwaka 1987. Solo hakuzitafuta kabisa, lakini bendi nzima ilimtegemea.

Usione vyaelea, vimeundwa. Katika bendi nyingi za kwetu zama zile, magitaa na spika vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mpigaji alikesha jukwaani, na alipohama aliondoka na vidole vyake tu. Studio alilipwa mara moja, sahani ikaendelea kuuzwa. Mrithi wake leo yuko Diani, anawapigia watalii hotelini. Msimu ukiisha, na kibarua kimekwisha.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda pia mtumbuizaji, si mtunzi peke yake. Ulinzi huo hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kurekodi. Kwa hesabu hiyo, rekodi za mwishoni mwa miaka ya 1970 zimebakiwa na muda mfupi mno.

Basi tusingoje. Watangazaji, wimbo ukiisha tajeni aliyepiga rizimu, besi na dramu. Familia za wapigaji, tafuteni sahani na picha za zamani, mkadai mirabaha mapema. Nanyi wenye hoteli, kila mpigaji awe na mkataba wake, wenye jina lake na malipo yake. Jasho la mtu halifai kuzikwa chini ya jina la bendi.