Mtupa Jongoo na Mti Wake: Hatima ya Programu Kongwe za Tarakilishi

Wahenga walilonga kuwa mtupa jongoo hutupa na mti wake. Methali hii hutimia kila tarakilishi kuukuu inapoondolewa maktabani au idarani na mpya kuwekwa mahali pake. Pamoja na chombo kilichochakaa, aghalabu hutupwa programu zilizokuwa ndani yake na data zisizosomeka bila programu hizo. Makala haya yanashikilia kuwa hasara hiyo si ya lazima, na kwamba jukumu la kuiepuka ni letu wanafasihi na wanaisimu, wala si la mafundi wa mitambo pekee.

Programu ninazozikusudia ni za enzi ya MS-DOS, mfumo uliotolewa mwaka wa 1981. Hazikuwa na picha za kubofya. Mtumiaji aliandika amri kwa herufi, akasubiri jibu. Mbili kati yake zinatuhusu hasa. Ya kwanza ni CDS/ISIS ya UNESCO, ambayo toleo lake la tarakilishi ndogo la mwaka wa 1985 lilitumiwa na maktaba nyingi za nchi zinazoendelea kuandalia katalogi. Ya pili ni TACT ya Chuo Kikuu cha Toronto, iliyotolewa mwaka wa 1989, ambayo huchanganua matini na kuonyesha kila neno katika muktadha wake.

Kwa nini programu hizi hukataa kufanya kazi leo? Ziliandikiwa vichakataji vya biti 16. Windows za biti 32 zilikuwa na sehemu maalumu ya kuziigizia mazingira ya DOS. Kichakataji kinapoendeshwa kwa biti 64 hakitoi tena hali iliyotegemewa na sehemu hiyo. Kwa hivyo Windows za biti 64 hazina sehemu hiyo. Isitoshe, Windows 11 ya mwaka wa 2021 haina toleo la biti 32 kabisa. Mtumiaji hukataliwa, akadhani programu imekufa.

La hasha, haijafa. DOSBox, programu ya bure iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2002, huiga tarakilishi nzima ya zamani ndani ya mpya. Kwa amri moja tu, folda yoyote huchukuliwa kuwa diski C, na programu kongwe huamka humo. Ni kweli kwamba DOSBox ilibuniwa kwa ajili ya michezo, na haifai kutegemewa kuendesha katalogi ya maktaba kila siku. Hata hivyo, yatosha kwa kufungua, kusoma na kuhamisha. CDS/ISIS, mathalani, hutoa rekodi zake katika muundo wa ISO 2709, ambao mifumo mipya ya maktaba huuelewa.

Huenda msomaji akahoji: ya nini kuhangaika ilhali zipo programu bora zaidi? Jibu ni kwamba usomi husimama juu ya uwezo wa kuhakiki. Mtafiti aliyehesabu msamiati wa diwani kwa TACT aliacha hifadhidata iliyo katika muundo wa TACT yenyewe. Tusipoweza kuifungua, hatuwezi kuyathibitisha wala kuyapinga matokeo yake. Tutabaki kuyaamini tu.

Fauka ya hayo, lugha yetu ina bahati. Hati ya Kilatini ya Kiswahili haina alama za juu wala za chini ya herufi. Hata ng' yahitaji kistari cha juu tu. Matini zake huhifadhika katika msimbo sahili kabisa bila kupoteza chochote. Wasiwasi uko kwa tenzi za hati ya Kiarabu zilizopigwa chapa kwa fonti za kibinafsi kabla ya Unicode kuenea. Hizo zinadai kuhamishwa haraka, maadamu wanaozifahamu fonti hizo wangali wapo.

Napendekeza basi kila idara itenge tarakilishi moja kwa kazi hii, na vyama vya wanafunzi vijitolee. Disketi zinakiliwe kwanza, kwani sumaku yake hufifia. Kisha matini zihamishwe katika maandishi sahili, nakala asilia na programu yake zihifadhiwe pamoja, na maelezo ya matumizi yaandikwe kwa Kiswahili. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji watu wanaojua thamani ya kilichomo. Watu hao ni sisi.