Je, Sanamu za Sinema Zina Pepo?

Toka Kavimvira mpaka Kalundu watoto wetu wana mchezo wa kukusanya sanamu ndogo za plastiki, sanamu za watu wa sinema na wa hadithi za picha. Yumo yule wa nyekundu na buluu apandaye kuta kama buibui. Yumo mtu wa chuma. Yumo yule mweusi aitwaye Black Panther. Nyingine hutoka katika marobota ya mitumba, hazina mkono au mguu. Nyingine huja mpya toka China, zikauzwa sokoni kando ya sabuni na betri. Mtoto akipata tano, ataka ya sita. Hubadilishana wao kwa wao, na bei zake wanazijua kuliko mama ajuavyo bei ya ndagala.

Mpaka hapo sioni ubaya. Ubaya ni kwamba wametokea watu wenye kusema sanamu hizo ni nyumba za mapepo, kwa hiyo zikusanywe zichomwe moto. Wanaosema hivyo si wahubiri wa vyumba vya maombi peke yao. Hata wazazi wetu Wakatoliki wameanza kuitikia. Ushahidi wao ni nini? Eti sanamu ina macho mekundu. Eti mtoto alilala nayo, akaota ndoto mbaya. Basi, ikiwa ndoto mbaya ni ushahidi, tuchome na mihogo ya jioni, kwa maana wengi wetu tumeota vibaya kwa kushiba mno.

Nacheka, lakini jambo lenyewe si la kucheka. Neno hili linaloanza kwenye plastiki haliishii kwenye plastiki. Leo pepo yumo katika sanamu. Kesho amehama, amemwingia mwenye sanamu. Kesho kutwa mtoto amefungiwa ndani bila chakula ili pepo atoke, au amefukuzwa, analala chini ya vibanda vya soko. Nchi yetu imewaona wengi wa namna hiyo, wanaoitwa watoto wachawi. Ndiyo sababu Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, ilikataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto ikaweka adhabu katika kifungu cha 160: kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, na faini. Mwenye kuwasha moto ule uani, na akumbuke kwamba mtoto amesimama karibu, anatazama.

Tena inakuwaje sisi Wakatoliki tuwe wa kwanza kuogopa sanamu? Sisi ambao kila siku twatukanwa njiani kwamba twaabudu mbao na udongo? Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba sanamu yenyewe si kitu. Na Mtaguso wa Nisea wa mwaka 787 ulieleza kwamba heshima ipewayo picha humwendea yule aliyechorwa. Kwa hiyo picha yapata maana yake kwa yule inayemwonyesha na kwa habari inayosimulia. Likamateni neno hilo, nitalirudia.

Kwanza tutazame vitu hivi vilikotoka. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitaka kuwauzia wavulana sanamu ya askari ya kuvisha nguo. Waliona mvulana hatakubali kuambiwa anacheza na mtoto wa bandia kama dada yake, basi wakabuni jina jingine la kiume, lenye maana ya sanamu ya vitendo. Mwaka 1977 ikatoka sinema ya Star Wars. Kampuni ya Kenner haikuwahi kutengeneza sanamu zake kabla ya Noeli, ikauza kisanduku kitupu chenye hati ya ahadi: nunueni sasa, sanamu zitafuata mwakani. Watu wakanunua! Na siku hizi wako watu wazima huko wanaonunua sanamu wasiifungue kamwe, maana ikifunguliwa thamani yake hushuka. Mwaka 2024 sanamu moja ya majaribio ya mtu aitwaye Boba Fett, ambayo haikupata kuingia madukani, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 525,000. Haifiki urefu wa kiganja. Hapo sioni pepo; namwona mfanyabiashara, naye hatishwi na maji ya baraka.

Lakini mtu asiseme, katekista ameruhusu yote. Kila sanamu huja na hadithi yake, na mtoto akiishika mkononi aisimulia upya kwa kinywa chake mwenyewe. Hadithi ndiyo ya kupimwa. Mchukueni huyo mtu wa buibui, aliyetungwa mwaka 1962 na Stan Lee na Steve Ditko. Ni kijana yatima aliyelelewa na ndugu ya baba yake. Alipopata nguvu za ajabu alizitumia kujitafutia sifa na fedha. Siku moja mwizi akapita mbele yake akikimbia, naye akamwacha, akisema si kazi yake. Mwizi yule yule ndiye baadaye aliyemwua mlezi wake. Nimefundisha dhambi ya kutotimiza wajibu kwa miaka kadhaa, na sijapata mfano ambao watoto huuelewa upesi kuliko huo. Na hiyo ndiyo sanamu inayotupwa motoni.

Sasa tazameni sanamu nyingine, ambayo hakuna aliyewahi kuitolea pepo. Huko Kinshasa mafundi wetu huchonga kwa mbao kijana wa Kizungu mwenye kishungi cha nywele na mbwa mweupe kando yake, wakampaka rangi vizuri. Ni Tintin na mbwa wake Milou. Wanunuzi ni wageni wapendao kukusanya vitu vyake. Hana pembe, hana macho mekundu, anatabasamu. Habari yake ni ipi? Safari yake ya Kongo ilichapwa toka Juni 1930 mpaka Juni 1931 katika Le Petit Vingtième, gazeti la watoto la Brussels. Nalo lilikuwa tawi la gazeti la Kikatoliki, na mkuu wake alikuwa padre, Norbert Wallez. Mchoraji Hergé alikuwa hajakanyaga Kongo. Alitazama vitu vya jumba la makumbusho la Tervuren. Katika kitabu hicho babu zetu ni wavivu, wasema Kifaransa cha kuchekesha, wamwogopa kijana mmoja na mbwa wake kama miungu. Mwaka 1946 alipokichora upya kwa rangi, lile somo la darasani ambamo Tintin aliwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji liligeuzwa kuwa somo la hesabu. Mengine mengi yakabaki. Mwenyewe alipokuwa mzee alikiri kwamba alilishwa mawazo potovu ya watu wa wakati wake. Mwaka 2007 Mkongo aishiye Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishtaki kitabu hicho. Mahakama ya Brussels ilikataa madai yake mwaka 2012.

Na mnajua picha ya mwisho ya kitabu hicho? Wakongo wamesujudu mbele ya sanamu za kuchonga za Tintin na Milou! Ndivyo alivyotuona yule asiyetujua. Lakini leo sisi twachonga, na wao ndio wanaozibeba kwao, wakaziweka kabatini nyuma ya kioo. Nani basi anayezisujudia? Simlaumu fundi, ana watoto wa kulisha na ada ya shule, na mbao ni yake. Nawalaumu wale wanaopeleleza pepo katika macho ya plastiki, na hadithi yenye kutudharau, iliyotoka katika nyumba yetu wenyewe ya Kikatoliki, ikawapita hivi hivi wasiinuse.

Watasema: basi tutoe wapi hadithi? Ziwa letu halina haja ya kukopa. Wajerumani waliunda meli kubwa Kigoma, Graf von Götzen, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji ziliruka toka pwani yetu ya magharibi kuishambulia Kigoma, na askari na wapagazi wa Kongo wakatembea mpaka Tabora. Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe Julai mwaka huo. Ikainuliwa mwaka 1924, na toka 1927 ikasafirisha watu kwa jina la Liemba. Kisa hicho kilimpa Mwingereza riwaya, na riwaya ikawapa Wamarekani sinema ya The African Queen mwaka 1951, iliyopigwa kwa sehemu hapa hapa Kongo, na mashujaa wake wote ni Wazungu. Mkongo aliyeichukua habari hiyo tena ni Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, katika kitabu cha picha Madame Livingstone cha mwaka 2014, ambamo yumo chotara mwenye kuvaa sketi ya wanaume wa Scotland, anayejiita mtoto wa Livingstone, na anayelijua ziwa kuliko maofisa. Mtu wa namna hiyo hafai kuchongwa?

Na watoto wasio na makuta ya plastiki hufinyanga sanamu zao kwa udongo wa mto Mulongwe. Nendeni mkazitazame. Zamani walifinyanga ng'ombe na lori. Toka vita vilipoanza hapa Uvira mwaka 1996, wengi hufinyanga mtu mwenye bunduki, kwa sababu ndiye waliyemwona akipita na kila mtu akimpisha. Sanamu hiyo hakuna anayeichoma. Basi mkutano wa wazazi utakapokuja, yule atakayesimama na kiberiti mkononi aulizwe kwanza kama amewahi kumsimulia mwanawe habari za meli iliyozamishwa karibu na Kigoma.