Mtu Mmoja, Viti Vitatu

Wasomaji wetu wa pwani wamezowea kuuona mchezo wa akili barazani: bao moja, wachezaji wawili, na watazamaji kumi ambao kila mmoja wao anajua zaidi kuliko wanaocheza. Basi huenda wakastaajabu tukiwaambia kuwa mchezo uliotushughulisha safari hii tuliukuta huko juu kwenye chai, kaunti ya Bomet, katika kituo cha kupimia majani karibu na Mogogosiek. Mvua ya alasiri ilikuwa inanyemelea, wakulima wameyapanga majani yao wakilingoja lori la kiwanda, na pembeni kijana mmoja kainamia simu, anacheza sataranji.

Wapinzani wake walikuwa tisa kwa wakati mmoja. Akicheza Lichess, ukumbi wa intaneti ulioanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, nao hautozi mtu hata senti. Humo mna mechi za kujibizana polepole, mchezaji akapewa siku kadhaa za kufikiri kila kete. Kijana husogeza farasi hapa, huondoa waziri pale, kisha hurudi kuchuma. Kwa mtu ambaye mikono yake ina kazi tangu alfajiri, na mtandao wake hukatika kila ngurumo ipigapo, hatujui mchezo ungemfaa zaidi ya huo.

Wala si jambo geni. Said bin Jubair, yule tabiina aliyeuawa na Hajjaj, amepokewa kuwa alikuwa akicheza sataranji ameupa ubao kisogo. Na katika karne ya 13 Mwislamu mmoja anayetajwa kwa jina la Buzecca alicheza mbao tatu kwa pamoja mjini Firenze, mbili kati ya hizo bila kuzitazama. Akashinda mbili na ya tatu ikawa sare. (Tunawajua watakaotukumbusha hukumu. Katika madhehebu yetu ya Shafi ni makuruhu, maadamu hamna kamari wala sala haikupotezwa. Tumesikia.)

Lakini kijana huyu ana mchezo wa pili. Mwisho wa juma yeye na wenziwe huingia vita vya timu. Kila mmoja hucheza ubao wake peke yake. Ushindi ni pointi mbili, sare moja, na mwenye kushinda mara mbili mfululizo ushindi wake unaofuata huhesabiwa maradufu. Kisha pointi za vinara wa kila timu hujumlishwa. Ndipo ilipozuka taabu. Siku moja wenziwe wawili hawakutokea, naye akaombwa acheze kwa majina matatu. Akacheza, timu ikapanda. “Mzee,” akatuuliza, “kwani kuna ubaya gani? Mbao tisa naziweza, seuze tatu?”

Uwezo wake hatuutilii shaka. Shaka yetu ni juu ya viti. Anapocheza mbao tisa kwa jina lake, wapinzani wote tisa wanajua wanacheza na nani. Anapokaa viti vitatu kwa majina matatu, wapinzani wanadanganywa. Na yuko mwengine anayeumia ambaye hakumtaja mpaka tulipomuuliza. Ana binamu yake, msichana wa sekondari, ajuaye mchezo lakini si hodari. Huyo hakuitwa. Ya nini aitwe, ikiwa mkono mmoja unatosha kote?

Mwaka 2020, maradhi yalipowafungia watu majumbani, shirikisho la sataranji duniani liliandaa Olimpiadi ya intaneti. Kila timu ilikuwa na mbao sita: wanaume wawili, wanawake wawili, mvulana na msichana walio chini ya miaka 20. Hapana bingwa, awe mkubwa vipi, aliyeweza kukaa katika kiti cha yule msichana. Katika fainali ya tarehe 30 Agosti Wahindi wawili walikatikiwa na mtandao mechi zikiendelea, na mwisho India na Urusi zikapewa dhahabu kwa pamoja.

Na hasa watu wa chai hawahitaji kufundishwa haya na sisi. Mkulima mdogo ana namba yake kiwandani. Majani yake hupimwa na kuandikwa kwa namba hiyo, na bonasi humfikia kwa kilo zake, ingawa chai yote huchanganyika katika kiwanda kimoja. Na huko Kericho, Mei 2023, watu walizitia moto mashine za kuchumia chai, kwa kuwa mashine moja hukalia nafasi za wachumaji wengi. Moto hatuusifu, mtu mmoja aliuawa katika ghasia zile. Lakini uchungu wa mchumaji aliyeondolewa nafasini hauhitaji tafsiri, na mama yake kijana huyu alikuwa mchumaji.

Tukamwambia: mwanangu, mbao tisa zako cheza usiku na mchana, hizo ndizo zitakazokunoa. Siku ya timu kaa kiti kimoja, na umwite binamu yako.

“Atafungwa,” akasema.

“Na afungwe kwa jina lake.”

Akacheka, kisha akanyamaza kidogo, akatuuliza kama msichana asiye na simu aweza kucheza kwa simu ya mtu mwengine. Hatukuwahi kumjibu. Lori lilikuwa limekwisha piga honi, naye akaitia simu mfukoni akakimbilia majani yake kwenye mizani, na mvua ikaanza.