Presha haina kengele
Benchi la zahanati siku ya kliniki ya presha lina hadithi moja inayojirudia: dawa ziliisha, kichwa hakikuuma, nikaona nimepona. Tunamlaumu mgonjwa upesi mno. Presha mara nyingi haiumi; mtu anaweza kuuza samaki sokoni na 180/110 mwilini, hadi siku kiharusi kimwangushe. Mtu huyo tunamtaka aje kila mwezi, apange foleni tangu alfajiri, apimwe akiwa bado anahema, kisha apewe vidonge vya siku 30 au aambiwe akanunue nje. Kaskazini mwa California, Marekani, watoa huduma za afya wa Kaiser Permanente walikuwa na shida hiyohiyo: mwaka 2001 ni takriban asilimia 44 tu ya wagonjwa wao ambao presha ilikuwa imedhibitiwa, kufikia 2009 ilikuwa asilimia 80. Hawakuhubiri zaidi. Waliweka rejista ya wagonjwa wote, wakatumia kidonge kimoja chenye dawa mbili, na mtu akaweza kurudi kupimwa na msaidizi wa kliniki bila kulipia. Wana fedha, najua. Lakini rejista ni daftari na kalamu, na mhudumu wa afya ya jamii anayejua nani hajaonekana miezi miwili tunaye tayari. Waganga wafawidhi, wale ambao presha yao imetulia wapeni dawa za miezi mitatu. Na kabla ya kumfunga mtu mkanda wa kipimo, mwacheni kwanza akae dakika tano.