Ametoka soba, nani atampa kazi?

Kijana wa Tarime akirudi nyumbani kutoka soba, yaani nyumba ya upataji nafuu, mama hufurahi, majirani huficha simu zao, na tajiri wake wa zamani hapokei simu. Bangi haiko mbali, wilaya hiyo inajulikana kwa mashamba yake. Lakini siku nzima bila kazi nayo humrudisha mtu kijiweni.

Mzazi mwenye duka Sirari, gereji Mugumu au shamba la migomba anaweza kumpokea. Asimkabidhi droo ya pesa wiki ya kwanza. Ampe kazi ambayo jioni inaonekana imeisha: kupakia ndizi, kuosha magari, kupanga mzigo.

Mtego mkubwa ni siku ya mshahara. Laki mkononi Jumamosi jioni ni jaribu zito, hivyo wakubaliane alipwe kidogo kidogo, au sehemu itumwe kwa mama, kijana mwenyewe akiridhia. Kumlipa nusu kwa sababu "alikuwa teja" ni unyonyaji, naye anaujua.

Aliyetoka kwenye heroini huenda anatumia methadoni, dawa iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Wengi huinywa kliniki kila siku, kwa hiyo ruhusa ya asubuhi ipangwe mapema. Bangi haina dawa mbadala ya namna hiyo; huyo anahitaji zaidi mshauri na ratiba.

Akiteleza, asifokewe mbele ya wateja. Siku hiyo asiguse pikipiki wala mashine. Aende nyumbani, aonane na mshauri wake, na kabla hajaondoka aambiwe siku ya kurudi kazini.